Mwogeleaji asiyeona: yanayosemwa na yalivyo

Keiichi Kimura wa Japani alipoteza uwezo wa kuona akiwa na miaka 2. Alianza kuogelea akiwa na miaka 10, akafika Michezo ya Paralimpiki, ya wanamichezo wenye ulemavu, kwa mara ya kwanza Beijing mwaka 2008. Dhahabu yake ya kwanza aliipata Tokyo mwaka 2021. Miaka 13 ya katikati huachwa nje watu wanapomsimulia, na pengo hilo hujazwa na dhana zisizo kweli.

“Asiyeona hupewa hisi ya ziada.” Bwawani masikio yamezama na maji yanavuma pande zote, kwa hiyo hata usikivu mkali haumfikishi mtu mbali. Anachotegemea ni hesabu ya mapigo ya mikono kutoka ukuta hadi ukuta, aliyoizoea mpaka haimtoki hata pumzi zinapomwishia, pamoja na kamba inayotenganisha njia yake na ya jirani. Wengi huogelea wakiipapasa kwa mkono au bega ili wasipinde. Katika mtindo wa kipepeo, ambao ndio uliompa Kimura jina, mikono yote miwili hurushwa mbele kwa pamoja, na ukikosea mwelekeo kidogo tu unaipiga kamba kwa nguvu zako zote. Ujuzi huo hununuliwa kwa michubuko.

“Kuna mtu pembeni anayemwongoza.” Yupo mtu, ana fimbo ndefu yenye ncha laini, na kazi yake ni kumgonga mwogeleaji anapokaribia ukuta. Haruhusiwi kumfundisha wakati wa mbio. Akichelewa kugonga, mwenzake anaweza kuuvaa ukuta kwa kasi yote. Akiwahi, mwenzake anapunguza mwendo bure. Kwa maoni yangu, watu hawa hawasifiwi vya kutosha.

“Wengine wanaona kidogo, wanawapunja wenzao.” Daraja la S11 ni la wasioona kabisa au karibu kabisa, na humo wote huvaa miwani iliyotiwa weusi. Wenye uoni zaidi wako S12 na S13.

“Ni muujiza.” Neno hili huniudhi, kwa sababu humnyang’anya mtu jasho lake. Brad Snyder, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, alipofushwa na bomu Afghanistan tarehe 7 Septemba 2011. Tarehe 7 Septemba 2012 alishinda dhahabu ya mita 400 mtindo huru mjini London. Wanaoshangaa mwaka huo mmoja husahau kwamba aliwahi kuwa nahodha wa timu ya kuogelea ya chuo cha jeshi la majini. Mwili wake ulishayajua maji muda mrefu. Lakini mtoto asiyeona, kama alivyokuwa Kimura, hana picha ya kuiga: mwalimu humshika mikono na kuizungusha, tena na tena, mpaka mtindo umwingie.

Rio mwaka 2016 Kimura aliondoka na medali nne, hakuna hata moja ya dhahabu, na katika mita 50 mtindo huru aliyemshinda alikuwa Snyder. Mwaka 2018 akahamia Baltimore, Marekani, kunolewa na Brian Loeffler, kocha yuleyule wa Snyder. Dhahabu ya Tokyo, katika mita 100 kipepeo, ilitoka huko. Paris mwaka 2024, akiwa na miaka 33, aliitetea, akaongeza na ile ya mita 50 mtindo huru.