Kasha la Njumu: Lini Ni Kitu cha Kale Kisheria

Kwa kuwa maswali kuhusu kusafirisha makasha ya njumu, yaani makasha ya mbao yaliyopambwa kwa shaba, kutoka Lamu na Mombasa yameongezeka, tunafafanua hadhi yake kwa mujibu wa Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya Kenya ya mwaka 2006. Sheria hiyo inahesabu kuwa “kitu cha kale” kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Tunaomba maneno “au kuingizwa” yasomwe mara mbili, kwani kila mara tunaambiwa kwamba kasha la bibi lilitoka Surat au Bombay, kule India, na kwa hiyo halituhusu. Makasha mengi ya zamani ya mwambao yaliletwa na majahazi kutoka huko huko.

Weusi wa mbao si cheti cha umri, maana mafundi wa Lamu na Unguja wangali wanatengeneza makasha kwa mtindo uleule. Chomoa saraka za chini, uzigeuze: randa ya mkono huacha mawimbi mepesi yanayohisika kwa kidole, na meno yanayoshikanisha pembe za saraka, yakiwa yamekatwa kwa mkono, hayalingani sawasawa. Msumari wa kufuliwa na mhunzi una pembe nne; wa waya ni mviringo, ingawa mmoja wa waya huenda ni wa matengenezo ya baadaye tu. Tafadhali usilipige msasa wala kusugua shaba hadi ing’are kabla hatujaliona, kwa sababu utaufuta ushahidi wenyewe.

Kitu cha kale hakitoki nchini bila kibali, na kibali hutangulia safari. Ombi liambatane na picha za mbele, ndani, chini na za saraka zilizochomolewa, vipimo, na maelezo ya namna kasha lilivyomfikia mmiliki. Kuomba hakumnyang’anyi mtu kasha lake, dhana ambayo tumechoka kuikanusha. Kusafirisha bila kibali ni kosa la jinai, na kuliandika “samani zilizotumika” katika hati za forodha hakubadilishi chochote. Mwenye kasha jipya naye atunze risiti ya fundi inayotaja mwaka, kwa kuwa afisa wa bandarini hana nafasi ya kuchomoa saraka za kila mtu.