Takwimu za Watoto Zikishapanda Halmashauri, Zirudi Kijijini

Kila mwezi mganga mfawidhi wa zahanati anajaza fomu. Mwalimu mkuu anajaza zake, na afisa ustawi wa jamii, pale alipo, naye anajaza. Takwimu zinapanda kata, halmashauri, mkoa, hadi wizarani, na huko hutumika kwa mipango na bajeti. Kinachokosekana ni safari ya kurudi. Mzazi ambaye mtoto wake anakaa chini darasani ni nadra kuambiwa shule yake imeonekanaje kwenye takwimu hizo. Sisi tunaofundisha madiwani na watendaji tunakutana na halmashauri zenye mafaili yaliyonona na huduma zilizokonda, na tumeacha kushangaa.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania, Na. 21 ya mwaka 2009, haina utata hapa. Kifungu cha 94 kinaipa mamlaka ya serikali za mitaa, yaani halmashauri, wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa mamlaka hiyo. Kwa hiyo mwananchi anayeuliza habari za shule au zahanati haombi hisani, wala "haingilii kazi za wataalamu" kama anavyoambiwa mara nyingi.

Tuanze na fedha. Tangu Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza, serikali inapeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango cha shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huenda shuleni. Shule yenye wanafunzi 600 basi inatarajia shilingi 3,600,000 kwa mwaka, sawa na 300,000 kwa mwezi. Kwa mtoto mmoja ni shilingi 500 kwa mwezi, na humo mna chaki, karatasi za mitihani na matengenezo madogo. Mzazi akishaijua hesabu hii, maswali yake hubadilika. Haulizi tena "hela mmepeleka wapi?" Anauliza kama za miezi hii zimeingia, ni kiasi gani, na idadi ya wanafunzi iliyotumika ni ya mwaka huu au ya mwaka jana. Mwalimu mkuu mwaminifu anafurahia maswali ya namna hiyo, kwa sababu yanamtoa kwenye tuhuma asizostahili.

Uganda walijifunza somo hili kwa gharama. Utafiti wa wachumi Reinikka na Svensson ulionyesha kwamba kati ya mwaka 1991 na 1995 shule zilipata kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika zilichopokea. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 zilikuwa zinafika. Wachumi wamebishana gazeti peke yake lilichangia kiasi gani, maana mageuzi mengine yalikuwa yakiendelea wakati uleule, lakini hakuna anayedai kwamba kuficha kungesaidia.

Fedha ni rahisi kuhesabu. Ubora ndio mtihani, na sehemu ya kuujifunzia ni chooni. Kigezo kinachotumika nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Tuseme shule ina wasichana 300, inahitaji matundu 15. Ripoti inasema yapo 12, upungufu 3, na kila anayeisoma anaona hali si mbaya. Sasa nenda ukaangalie. Mawili yamejaa. Moja mlango umeng'oka. Moja lina kufuli, ni la walimu. Mawili hayana komeo kwa ndani, wasichana wakubwa hawaingii bila rafiki wa kushika mlango, na aliye kwenye hedhi anaona afadhali arudi nyumbani. Yanayotumika kweli ni sita, yaani tundu moja kwa wasichana 50. Komeo ni kitu cha shilingi elfu chache kwa muuza vifaa vya ujenzi, ila kwenye fomu hakuna kisanduku cha komeo.

Nani angekwambia habari za komeo? Si mwenyekiti wa kamati ya shule. Ni wasichana wenyewe, na kifungu cha 11 cha sheria ileile kinawapa watoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mabaraza ya watoto yameundwa sehemu nyingi, lakini mengi huamshwa Juni kwa ajili ya Siku ya Mtoto wa Afrika, watoto wakasoma risala iliyoandikwa na mtu mzima, kisha yakalala tena. Ukitaka kusikia la kweli, keti na wasichana peke yao na wavulana peke yao, walimu wakiwa mbali. Wachore shule yao chini kwa kijiti, kila mmoja apewe punje tano za mahindi aziweke mahali asipopapenda. Utaona punje zinavyolundikana.

Zahanati nayo ina mtego wake. Kisera mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Mgeni akifika akauliza kama dawa zipo, anajibiwa zipo, na siku hiyo huenda zipo kweli. Kamati ya usimamizi wa kituo iulize kutoka kwenye leja: mwezi uliopita ni siku ngapi dawa ya mseto ya malaria kwa watoto, na ORS na zinki za kutibu kuharisha, havikuwepo? Siku kumi na mbili bila dawa ya malaria msimu wa mvua ni jambo la kupeleka mbali.

Nasema kupeleka mbali kwa makusudi. Utafiti mwingine wa Uganda, katika vituo 50 vya wilaya 9, ulikutanisha wananchi na watumishi wa afya wakakubaliana namna ya kurekebisha huduma, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa asilimia 33. Matumaini yakawa makubwa. Ulipofuata utafiti mpana zaidi, wenye vituo 376, huduma iliboreka kidogo, lakini vifo havikuonekana kupungua. Usomaji wangu ni huu: kikao cha kijiji kinaweza kurekebisha muda wa kufungua, foleni na lugha chafu. Hakiwezi kuleta dawa wala muuguzi. Hoja hizo zitoke na jina la mhusika na tarehe ya kujibu, zipitie Kamati ya Maendeleo ya Kata ambako diwani ndiye mwenyekiti, na majibu yasomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Kisheria mkutano huo ni kila baada ya miezi mitatu. Usipoitishwa, hilo lenyewe ni jambo la kuandika.

Kuna habari zisizosomwa mkutanoni kamwe: mtoto aliyebakwa, aliyepigwa, au aliyepewa mimba. Hata bila jina, kijiji kidogo humtambua mara moja. Hizo ni za afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au namba 116 inayopigwa bure. Mkutano uambiwe idadi ya mashauri yaliyopokelewa na yaliyoshughulikiwa, basi.

Vijana waliomaliza shule husahaulika katika ufuatiliaji, kana kwamba huduma zao ziliisha na kengele ya mwisho. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kubwa kubainika, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Ulizeni vikundi vingapi vya vijana katika kata viliomba, vingapi vilipata, vilivyokosa vilipewa sababu gani, na pikipiki zilizonunuliwa kwa mkopo zinaendeshwa na wanakikundi au na mtu mwingine. Wa kuanza naye ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Mwombeni abandike orodha ya vikundi kwenye ubao wa matangazo, na vilivyokosa navyo viwemo.