Rangi ya chini ya boti: punguza kusugua

Swali ninaloulizwa sana na wenye boti ni hili, nifanyeje rangi ya chini ibaki mpyaaa kama siku imepakwa. Jamani, hiyo rangi haijapakwa kwa urembo! Ndani yake kuna sumu, nyingi ni za shaba, na inatoka taratibu kwenye maji ili mwani na yale magamba makali yasipate pa kushika, kwa hiyo kufifia ni kazi yake. Zamani kulikuwa na rangi za TBT, yaani sumu yenye madini ya bati, hizo zilikuwa kiboko, lakini zikawa zinaharibu chaza na konokono wa bahari hadi IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, ikapitisha mkataba wa kuzipiga marufuku 2001, ukaanza kutumika 2008.

Kabla hujashika brashi ujue una rangi gani, maana ziko ngumu na ziko zinazojimenya zenyewe boti ikitembea. Ngumu inavumilia kusuguliwa. Ya kujimenya ukiisugua kwa nguvu ndo unaimaliza, na dalili utaiona hapo hapo, maji yanageuka rangi ya boti yako, lile wingu jekundu au la bluu ni hela yako inaondoka na shaba inamwagika bandarini, ndiyo maana bandari zingine hawaruhusu kabisa kusafisha boti ikiwa majini, ulizia kwanza.

Mimi nawaambia watu wawahi ute. Uchafu wa kwanza ni utelezi mwembamba tu, ukipitisha sponji laini au kipande cha zulia kuukuu unatoka bila kubonyeza. Ukiuacha, mwani unakuja, halafu magamba, na gamba likishagandia ukilikwangua linabakiza kitako chake cheupe, hapo unatumia kikwangulio cha plastiki, sio cha chuma, na sehemu uliyokwangua hadi rangi ikatoka unaipaka tena boti ikitoka majini. Hakuna ratiba moja ya kila mtu, maji yenye joto na boti inayolala wiki nzima pale pale vinaleta uchafu haraka sana, boti inayotembea mara kwa mara inajipunguzia uchafu yenyewe hasa kama rangi ni ya kujimenya.

Ule ukijani kwenye mstari wa maji usikuhangaishe, mara nyingi ni shaba imekutana na hewa. Watu wanausugua kwa msasa wee mpaka rangi inaisha pale, na pale ndipo mwani unapopapenda kuliko kote kwa sababu jua lipo.

Ukija kupaka upya, koti la kwanza weka rangi tofauti na ya juu, mfano nyekundu chini nyeusi juu, siku nyekundu ikianza kuchungulia unajua muda umefika, huna haja ya kukisia. Usipige msasa mkavu, lowanisha na uvae barakoa nzuri, lile vumbi ni sumu kweli. Boti ya aluminiamu usiipake rangi ya shaba ya kawaida, itakula bodi, tafuta iliyotengenezwa kwa ajili ya aluminiamu. Na zile zinki za chini, vile vipande vya madini vinavyoliwa na kutu badala ya vyuma vya boti, tafadhali msizipake rangi, naziona kila mara zimepakwa vizuri kabisa na hazilindi chochote.