Zamu ya mapigano: maana yake mchezo unapochezwa kwa ujumbe

Zamu ya mapigano ni utaratibu wa kuamua nani atangulie na nani afuate wahusika wa mchezo wa kuigiza wanapoanza kupigana. Mchezo wenyewe ni wa maneno: kila mchezaji ana mhusika wake, mwendeshaji husimulia ulimwengu na kuwachezesha maadui, na dadu huamua kama pigo limempata mtu. Wahusika wakiwa sokoni au safarini, kila mmoja husema akipata nafasi. Panga likichomolewa, bila zamu mwepesi wa kuandika atapiga mara tatu kabla wenzake hawajainua ngao.

Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974, toleo la tano linataka kila mmoja arushe dadu ya pande 20 na kujumlisha wepesi wa mhusika wake. Mwenye jumla kubwa huanza. Mzunguko mmoja wa zamu huhesabiwa kama sekunde 6 za hadithi. Mezani jambo hili huenda vizuri kwa kuwa wote wamekaa pamoja, kama bao: kete zako zikilala tu, mkono wa mwenzako uko shimoni.

Kwa ujumbe mambo hugeuka. Kundi letu hapa Mwanza lina wachezaji watano, na mmoja hununua dagaa visiwani kuja kuuza Mwaloni, Kirumba. Katika pambano letu la kwanza, wahusika wakipigana na mamba, dadu ilimweka wa pili. Akavuka kwenda Ukerewe, simu ikakosa mtandao siku mbili, na watatu waliomfuata wakabaki na mapigo yao hayajaandikwa. Mizunguko minne, yaani sekunde 24 za hadithi, ilitula zaidi ya wiki tatu. Kufikia mwisho watu walikuwa wanauliza mamba yuko upande gani wa mtumbwi.

Tulichokosea ni kuchukua zamu ya mezani kama ilivyo. Mezani zamu hupanga wepesi wa wahusika. Kwa ujumbe kazi yake kubwa ni kuzuia watu wasingojeane. Kwa hiyo siku hizi tunapanga kwa pande. Dadu hurushwa mara moja mwanzoni. Waliowashinda maadui kwa jumla huandika kwanza, kwa mpangilio wowote, kisha maadui wanapiga. Baada ya hapo wachezaji wote watano wanaandika, yeyote atangulie, ndipo maadui tena, hivyo hivyo hadi mwisho. Mwenye mhusika mwepesi hupoteza kidogo hapa, nakubali, maana faida yake inaonekana mzunguko wa kwanza tu. Bado naona ni bei ya haki.

Shida inayozaliwa ni watu wawili kumlenga adui mmoja. Mwendeshaji hufuata ujumbe ulivyoingia: wa kwanza akimuua mamba, mkuki wa wa pili unakwenda kwa mamba aliyebaki. Ndiyo sababu tunasisitiza kauli yenye sharti. Hata kujikinga, jambo ambalo kwa kawaida hufanywa katikati ya zamu ya adui, mchezaji hulitangaza mapema: “Nikishambuliwa, nainua ngao.” Hapo mwendeshaji hasimamishi pambano ili kumuuliza.

Muda nao uwe na mpaka. Sisi tumeweka saa 24, na atakayechelewa mwendeshaji anamchezea kwa tahadhari: anajilinda, hatumii dawa zake adimu, wala hakimbilii hatarini. Kila mzunguko ufunguliwe kwa maelezo mafupi ya nani kajeruhiwa, adui amesimama wapi, na saa ya kufunga.

Mwenzetu wa dagaa bado anasafiri kama zamani. Kabla ya kupanda meli ya Nansio huandika: “Mamba akiwa hai nampiga mkuki, akiwa amezama, namvuta majeruhi ndani ya mtumbwi.”