Filamu bora ya mwaka: mwaka upi, na umehesabiwa na nani?

Tunaposema kwamba filamu fulani ndiyo bora ya mwaka, tunakuwa tumetamka mambo matatu kwa pumzi moja: kwamba zipo filamu zinazohesabiwa kuwa za mwaka huo, kwamba kuna mtu au jopo lililozitazama, na kwamba jopo hilo limezipanga kwa utaratibu wake hadi moja ikabaki juu. Ubishi wetu karibu kila mara huangukia neno "bora", ilhali neno lenye mzigo mzito zaidi ni "mwaka", kwa sababu filamu haina tarehe moja ya kuzaliwa kama gazeti la asubuhi.

Vuta N'Kuvute ni mfano wa karibu. Filamu hiyo, ambayo Amil Shivji aliiongoza kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto mwezi Septemba 2021, na kwa mtu anayehesabu kuanzia onyesho la kwanza duniani, hiyo ni filamu ya 2021 bila shaka yoyote. Hata hivyo, Tanzania iliiteua kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa katika duru ya 2022. Anayeiweka kwenye orodha ya 2021 na anayeiweka kwenye ya 2022 hawapingani hata kidogo; kila mmoja ameanza kuhesabu kutoka mlango wake.

Oscar zenyewe, kwa miongo mingi, zilihesabu mwaka kwa kigezo cha mji mmoja, yaani filamu ilipaswa kuonyeshwa kibiashara Los Angeles kati ya Januari na Desemba. Ndiyo maana Casablanca, iliyoanza kuonyeshwa New York tarehe 26 Novemba 1942 na kufika Los Angeles Januari 1943, imeandikwa katika kumbukumbu kuwa filamu bora ya 1943. Kisa cha Limelight ya Charlie Chaplin kinashangaza zaidi: ilitoka 1952, haikupata onyesho la kibiashara Los Angeles hadi 1972, na muziki wake ukapewa Oscar katika hafla ya 1973, zaidi ya miaka ishirini baada ya watazamaji wa New York kuusikia.

Lakini hakuna kisa kinachoonyesha uzito wa kalenda kama kile cha Nairobi mwaka 2018. Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu, ilikuwa imechaguliwa kuonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, mwezi Mei, huku nyumbani Kenya ikiwa imepigwa marufuku tangu Aprili na bodi ya uainishaji wa filamu kwa sababu inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Kwa tuzo ya Oscar ya filamu za lugha za kigeni, kama ilivyoitwa wakati huo, "mwaka" ulianza tarehe 1 Oktoba 2017 na kukoma tarehe 30 Septemba 2018, na ndani ya muda huo filamu ilipaswa kuonyeshwa kwa umma nchini kwake siku saba mfululizo. Kahiu akaenda Mahakama Kuu, na mnamo tarehe 21 Septemba mahakama ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba tu. Watu walipanga foleni, tiketi zikaisha, na wiki hiyo ikatimia mlango ukiwa karibu kufungwa. Mwishowe Kenya iliteua Supa Modo ya Likarion Wainaina, filamu nzuri inayostahili heshima yake. Lakini hata haki ya Rafiki kufikiriwa tu ilitegemea jaji na tarehe, wala haikuwa na uhusiano wowote na ubora wake.

Mwaka pia si lazima uwe na miezi kumi na miwili. FESPACO, tamasha la filamu la Ouagadougou, Burkina Faso, lililoanza 1969, kwa sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili, hivyo tuzo yake kuu hushindaniwa na filamu za zaidi ya mwaka mmoja. Ashkal ya Youssef Chebbi kutoka Tunisia, iliyoonyeshwa Cannes 2022, ilitwaa tuzo hiyo mwaka 2023.

Ukishajua mwaka umekatwa wapi, linabaki suala la kuhesabu kura, na hapa pana jambo ambalo wapenzi wengi wa filamu hawalitazami kwa makini. Tuseme watu tisa wanachagua kati ya filamu tatu, na kila mmoja anazipanga kwa nafasi. Wanne wanaiweka filamu A ya kwanza, watatu wanaiweka B, wawili wanaiweka C. Kwa hesabu ya kawaida A imeshinda. Lakini kwa kura ya upendeleo, ambayo Oscar imeitumia kuchagua filamu bora tangu filamu za 2009, mshindi lazima avuke nusu ya kura. Kwa hiyo C inaondolewa, na kura zake mbili zinahamia kwa chaguo la pili la wenyewe. Ikiwa wote wawili waliweka B ya pili, B inafikisha kura tano na kuchukua tuzo, ingawa ni watatu tu walioipenda kuliko zote.

Utaratibu huu huibeba filamu ambayo wengi wanaikubali, na huiangusha ile inayopendwa mno na wachache huku wengine wakiiweka mkiani. Orodha ya mhakiki mmoja hufanya kinyume chake: haihitaji kukubaliwa na yeyote, na kwa maoni yangu thamani yake iko hapo hapo, mradi aseme wazi amehesabu mwaka kuanzia wapi na ni filamu zipi hazikumfikia.