Je, wajua kwa nini baadhi ya Waganda hawali kamongo, ilhali majirani zao wanamla?

Katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, kamongo hana sifa ya ajabu: hukaushwa kwa moshi, huuzwa, hukaangwa, na wapo wanaompenda kuliko sato. Ukivuka ziwa kuelekea kaskazini hadi Masaka, Entebbe au Kampala, utakuta samaki huyohuyo sokoni, na wengi wanamla. Hata hivyo, utakuta pia familia ambayo haimgusi kabisa, si baba, si watoto, wala si shangazi aliyeolewa mbali, na isiyo na neno lolote na jirani anayemkaanga mlango wa pili. Familia hiyo haimkatai kwa sababu ya ladha wala ya dini, bali kwa sababu ni ya ukoo wa Mmamba, na mmamba kwa Kiganda ndiye huyu kamongo wetu, si yule mamba wa mtoni mwenye magamba na meno.

Tunapotaja Waganda hapa tunamaanisha watu wa ufalme wa Buganda, ulioko kaskazini na kaskazini magharibi mwa Ziwa Victoria, si raia wote wa Uganda, kwa maana nchi hiyo ina makabila mengi yenye mila zake. Waganda wamegawanyika katika koo zaidi ya 50, na kila ukoo una kitu chake cha mwiko kinachoitwa muziro, ambacho ndicho kinachoupa ukoo jina na ambacho wanaukoo hawakili wala hawakidhuru. Koo nyingine zina wanyama wakubwa kama simba, chui, tembo na nyati, lakini orodha haiishii hapo. Kuna ukoo wa Nsenene, ambao wanachama wake hawali senene, wadudu walewale wanaopendwa sana Bukoba na kuletwa Mwanza kila msimu. Kuna ukoo wa Nkejje, samaki wadogo tunaowaita furu. Kuna ukoo wa uyoga, na upo hata wa kunde.

Kwa nini basi mtu akatae chakula ambacho jamii yake yote inakijua kuwa ni chakula? Wazee wa koo nyingi husimulia kwamba babu wa kale alikula kitu hicho akaugua au akafa, ndipo uzao wake ukakiapia. Wengine, hasa katika miaka ya karibuni, hueleza kwamba mababu walikusudia kuhifadhi wanyama wasije wakaisha. Maelezo haya ya pili yanavutia, na huenda mwiko umewapunguzia baadhi ya viumbe wawindaji, lakini sidhani kwamba yanafika kwenye kiini cha jambo. Ukoo mmoja ukiacha kumvua kamongo huku koo nyingine zote zikiendelea kumvua, kamongo hapati nafuu kubwa. Na kunde, ambazo mkulima hupanda mwenyewe, hazikuhitaji mlinzi.

Kiini kinaonekana tunapotazama namna Waganda walivyoishi. Ukoo wa Kiganda haukai mahali pamoja. Kila ukoo una ardhi zake za jadi, ziitwazo butaka, ambako wakuu wake wamezikwa, lakini wanaukoo wenyewe wametawanyika katika majimbo yote, kwa kuwa tangu zamani mtu alihamia alikopata shamba, bwana wa kumtumikia au cheo alichopewa na Kabaka, ambaye ndiye mfalme wa Buganda. Katika nchi kama hiyo, kijana wa Buddu, upande wa Masaka, angeweza kukutana na msichana wa Kyaggwe, upande wa Mukono, na asiwepo mtu wa kuwaambia kama ni ndugu. Sheria ya Waganda kwa kawaida inakataza mtu kuoa au kuolewa ndani ya ukoo wake mwenyewe, hata kama babu wanayechangia aliishi vizazi vingi vilivyopita. Hapo ndipo muziro unapofanya kazi yake: wote wasiokula senene kwa sababu ya ukoo ni kaka na dada, watapeana msaada kwenye msiba na mahali pa kulala safarini, lakini hawataoana. Alama hii haihitaji maandishi, hubebwa kokote mtu aendako, na mtoto hufundishwa mapema kwa njia asiyoweza kuisahau, yaani kila chakula kinapopakuliwa.

Mtoto huingia katika ukoo wa baba yake, naye hupewa jina kutoka katika hazina ya majina ya ukoo huo, kiasi kwamba mara nyingi Mganda mwenzake akilisikia jina hujua ni wa ukoo gani. Chini ya ukoo kuna matawi, na chini ya matawi kuna vitawi, hadi kufikia nyumba moja, na kila ngazi ina mkuu wake. Familia ya kifalme peke yake ilifuata njia tofauti, kwa sababu wana wa Kabaka walihesabiwa katika ukoo wa mama zao. Utaratibu huu ulikuwa na busara kubwa ya kisiasa: hapakuwa na ukoo wenye kiti cha enzi kama mali yake, na ukoo wowote wenye binti katika jumba la Kabaka uliweza kutumaini kwamba siku moja mjukuu wake atatawala.

Koo ziligawiwa pia kazi za ufalme, na hapa historia inatugusa sisi wa upande wa kusini wa ziwa. Mkuu wa ukoo wa Mmamba, mwenye cheo cha Gabunga, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mitumbwi ya Kabaka, mitumbwi mirefu ya mbao zilizoshonwa kwa kamba. Henry Morton Stanley, mvumbuzi aliyeanza safari yake ya kulizunguka ziwa mwaka 1875 kutoka Kageye, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Magu, alishuhudia mamia ya mitumbwi ya Buganda ikipelekwa vitani dhidi ya visiwa vya Buvuma. Miaka minne baadaye wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki kufika Buganda walipitia Kageye hiyohiyo, na Kabaka Mutesa I akatuma mitumbwi kuwachukua wenzao waliokuwa wamesalia huku kusini.

Ukoo wa Ngonge, yaani wa fisi maji, ndio wenye kazi ya kutengeneza lubugo, nguo ya gome la mtini inayopondwa kwa nyundo za mbao mpaka ilainike, na fundi mkuu wa Kabaka, Kaboggoza, hutoka kwao. Ufundi huo ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Ukoo wa Ngeye, wa mbega, ndio wenye dhamana ya kuezeka makaburi ya wafalme huko Kasubi, Kampala. Ndani ya paa la nyumba kuu ya Kasubi kuna pete 52 za kuzunguka, kila moja ikiwakilisha ukoo mmoja. Nyumba hiyo iliteketea kwa moto mwezi Machi 2010, na ilipojengwa upya ilibidi waezekaji wa Ngeye waitwe tena, kwa sababu kazi ile si ya fundi yeyote mwenye ujuzi wa nyasi.

Nguvu ya mpango huu ilidhihirika pale ufalme wenyewe ulipoondolewa. Tayari Mkataba wa Buganda na Waingereza wa mwaka 1900 ulikuwa umegawa ardhi kwa machifu na watu wengine binafsi, na koo nyingi zikapoteza butaka zao, jambo lililozua malalamiko makubwa miaka ya 1920. Kisha mwaka 1966 majeshi ya serikali yalishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, Mutesa II akakimbilia Uingereza, ambako alifariki mwaka 1969, na katiba ya 1967 ikafuta falme zote. Kwa zaidi ya miaka 25 hapakuwa na Kabaka aliyetambuliwa na sheria. Lakini watoto waliendelea kupewa majina ya koo, warithi waliendelea kusimikwa mbele ya wanaukoo, na mwiko wa chakula ukabaki majumbani. Ufalme uliporudishwa mwaka 1993 haukulazimika kuzitafuta koo. Leo sanamu za viumbe vya koo zimepangwa kandokando ya barabara inayounganisha jumba la Mengo na Bulange, yalipo makao ya utawala wa Buganda, na mashindano ya soka ya koo, yaliyoanza mwaka 1950, bado hujaza mashabiki viwanjani.

Wahaya wengi wanaoishi Mwanza watakuwa wamekwisha kujiona katika maelezo haya, kwa sababu koo zao nazo zina miziro, na baadhi ya miiko inafanana na ya Buganda, kama ilivyo kwa watu waliokuwa wakitembeleana kwa mtumbwi na kwa miguu muda mrefu kabla ya mpaka kuchorwa.

Wapo vijana wa Kampala wanaokula kila kitu kinachouzwa, na hakuna mahakama itakayowashtaki; wazee watanung'unika, wengine wataonya juu ya magonjwa ya ngozi, na mambo yataishia hapo. Ndoa ni suala jingine. Siku ya kwanjula, sherehe ambayo msichana humtambulisha mchumba wake nyumbani kwao, msemaji wa upande wa mwanamume lazima ataje ukoo wa kijana na majina ya wakubwa wake, tawi kwa tawi, kabla ya zawadi kupokewa. Ikidhihirika kwamba wote wawili ni wa ukoo wa Nsenene, wazee wa pande zote mbili watasimamisha shughuli, hata kama kijana huyo amekuwa akila senene tangu alipohamia mjini.