Tathmini ya programu za kuzuia uhalifu wa vijana ni kitu gani hasa

Wengi wakisikia tathmini wanawaza ile ripoti ya mwisho wa mradi, vijana wangapi walihudhuria, vyeti vingapi vimetolewa, na picha za pamoja. Hiyo ni hesabu ya kazi iliyofanyika tu. Tathmini inauliza kitu kingine: bila hii programu hawa vijana wangekuwa wapi leo?

Na hapo ndo kwenye ugumu, maana vijana wengi wenye makosa madogo madogo huacha wenyewe wakikua, kwa hiyo hata ukiwapa semina na mwaka ukaisha wengi wao wako safi bado hujajua ni semina au ni umri. Lazima uwe na kundi la kulinganisha, vijana wa aina ileile ambao hawakupata programu, na njia nzuri ya kuwagawa ni kura, yaani bahati nasibu tu.

Chukulia gereza la Rahway kule New Jersey, Marekani, miaka ya 70. Vijana watukutu walikuwa wanapelekwa kwa wafungwa wa maisha, wanafokewa na kutishwa ili waogope jela. Filamu ya mwaka 1978 ikaisifia programu hiyo, ikapata Oscar, na kwingine wakaiga, yaani mtoto analia mbele ya kamera unataka ushahidi gani tena! Mtafiti James Finckenauer akafuatilia vijana 81 kwa miezi 6: waliopelekwa gerezani, asilimia 41 walirudia makosa, ambao hawakupelekwa asilimia 11. Ugawaji wake wa kura ulivurugika kidogo, ni kweli, lakini baadaye Anthony Petrosino na wenzake walikusanya majaribio 9 ya programu za namna hiyo wakakuta zinaongeza uhalifu, bora vijana wangeachwa tu. Hili linaniuma sana, watu walikuwa na nia njema kabisa.

Sasa ona Monrovia, Liberia. Wanaume 999 wa mtaani, wengi wao wakijihusisha na uhalifu kama wizi na kuuza madawa ya kulevya, wakagawanywa kwa kura, wengine wakapata wiki 8 za mafunzo ya kudhibiti hasira na kufikiri kabla ya kutenda, wengine dola 200, wengine vyote, wengine hawakupata kitu. Miaka 10 baadaye waliopata vyote viwili uhalifu wao ulikuwa umepungua karibu nusu ukilinganisha na wale ambao hawakupata kitu.

Kuna wanaoona kura ni ukatili, eti unamnyima kijana msaada. Lakini nafasi karibu kila mara hazitoshi wote, lazima kuna atakayeachwa, na mimi naona bora aachwe kwa kura kuliko kwa kujuana.